Jinzi Yako Imerudi Nyeusi Tii. Sasa Ile Maji Ilienda Wapi?

Unajua ile jinzi yako nyeusi yenye imefuliwa mpaka ikakaa lami ya zamani? Si uliipeleka Kibuye. Fundi akaitumbukiza kwa sufuria kubwa maji ikichemka, akamwaga paketi ya rangi, akaongeza chumvi ya kupikia kwa ngumi, akakoroga na mti kama mtu anasonga ugali ya harusi. Ikatoka nyeusi tii. Ukalipa, ukaianika, kesho yake uko Insta unapiga pozi kama umeitoa dukani.

Swali lenye hukuuliza ni hili: ile maji ya sufuria ilienda wapi?

Mimi niliuliza, siku nimepeleka koti. Fundi akaniangalia kama mtu amepotea njia. "Omera, si kwa mtaro?" Na akaimwaga hapo hapo mbele yangu. Ikateremka nyeusi kuliko strungi ya matanga, ikapita chini ya meza ya mama wa nyanya, ikakata kona. Sikuifuata, na hakukuwa na haja. Kisumu imekaa kando ya ziwa, na maji ya mtaro hapa iko na safari moja tu. Mwisho wake ni Nam Lolwe.

Kabla uanze kumkasirikia fundi, tulia. Sufuria moja haiui ziwa. Nimemleta ju sufuria yake ni kiwanda cha nguo kidogo kabisa, chenye unaweza kusimama kando yake ukaona kila kitu: maji moto, chumvi mob, rangi yenye imeshika na rangi yenye imekataa kushika. Ukiielewa hiyo sufuria utaelewa kwa nini mainjinia wa nchi nyingi wanakuna vichwa juu ya maji ya viwanda vya nguo, na kwa nini mtambo mmoja wenye mizizi kwa huo utafiti uliishia hapa kwetu Nyalenda, ukifanya kazi nyingine kabisa.

Ndani ya hiyo maji kuna nini?

Anza na kiasi. Kuosha, kung'arisha, kutia rangi na kusuuza kilo moja ya kitambaa inaweza kumeza lita 100 za maji ama zaidi. Hiyo ni mitungi mitano ya lita 20 kwa mashati kama matano. Kiwanda kikubwa kinashughulikia tani na tani kila siku. Piga hesabu mwenyewe.

Hiyo maji ikitoka imebeba mzigo. Kuna wanga, ju nyuzi hupakwa uji wa wanga kabla ya kufumwa ndio zisikatike kwa mashine, halafu huo uji unaoshwa wote. Kuna soda kali, ile ya kuchoma ngozi. Kuna chumvi, tena si ya kijiko: kwa rangi nyingi za pamba, lita moja ya maji ya kutia rangi huwekwa gramu 50 za chumvi na zaidi, ndio rangi isukumwe iingie kwa nyuzi. Halafu kuna rangi yenyewe. Zile rangi za pamba zinazoitwa riaktivu hazishiki zote. Kati ya asilimia 10 na 40 hubaki kwa maji na kuteremka na mfereji. Na rangi haijui kujificha. Miligramu moja tu kwa lita nzima, kiasi cha punje chache za chumvi, na jicho lako litaiona.

Sasa, mahali majitaka ya miji husafishwa, mara nyingi husafishwa na bakteria. Si uchawi. Unaweka uchafu kwa tangi, unapuliza hewa, bakteria wanakula, wanazaana, wanakuwa tope zito lenye linatulia chini, na maji ya juu inatoka ikiwa safi kiasi. Usipowalisha ndani ya tangi, wenzao watakula huo uchafu ndani ya ziwa. Na bakteria wa ziwani wakila wanavuta oksijeni ile ile yenye ngege anavuta. Ndio maana wataalamu hupima uchafu kwa kuuliza: hii maji itawafanya bakteria wavute oksijeni kiasi gani kwa siku tano? Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006, zenye NEMA ilisimamia, zilisema maji yenye inamwagwa kwa mto ama ziwa isizidi miligramu 30 kwa lita kwa hicho kipimo. Ukitaka kumwaga kwa bomba la majitaka la mji uliruhusiwa mpaka 500, ju huko mbele kuna mtambo wa kuisafisha.

Wanga kwa bakteria ni kama ugali moto kwa mtu ametoka mjengo. Wanaimaliza mbio sana. Shida ni rangi.

Fikiria hii. Watu wenye akili nyingi walikaa kwa maabara miaka mingi wakitafuta rangi yenye haitoki. Jua likatae, jasho likatae, sabuni ikatae. Wakafaulu, ndio maana unanunua. Halafu tunachukua kitu chenye Omo imeshindwa nacho mara mia, tunamwambia bakteria: haya, kula hicho.

Ukitaka akule rangi, kwanza mnyime hewa

Hapa ndio mahali ninapenda zaidi kwa hii stori yote, kwa hivyo vumilia kidogo.

Rangi nyingi za nguo ni za familia inaitwa azo. Katikati ya molekuli yake kuna atomu mbili za nitrojeni zimeshikana mikono miwili miwili, kama watoto wawili wenye hawataki kuachana siku ya kwanza ya shule. Huo mshiko ndio unafanya uone wekundu, umanjano ama weusi. Ukiukata, rangi inazima.

Bakteria yeyote akila lazima atupe elektroni mahali. Hiyo ndio pumzi yake. Kukiwa na oksijeni anazitupia oksijeni, ju ni rahisi na inalipa vizuri. Hana haja kabisa na ule mshiko wa azo. Ndio maana ukichukua maji ya rangi ukaipuliza hewa usiku na mchana, kama vile mitambo mingi ya kawaida hufanya, wanga itaisha, harufu itapungua, vipimo vya oksijeni vitapendeza, lakini maji itatoka bado nyekundu. Mkaguzi anaona namba nzuri, mvuvi anaona mto umekuwa Fanta.

Sasa zima hewa. Funga tangi. Oksijeni ikiisha, bakteria wako na elektroni mkononi na hakuna mahali pa kutupa. Wanaanza kuzitupia kitu chochote chenye kiko karibu, na rangi ya azo iko hapo hapo. Mshiko unakatika. Maji inafifia.

Watu wengi wakifika hapa wanashangilia na kufungua bomba waimwage. Usifanye hivyo! Vipande vyenye vimebaki baada ya mshiko kukatika vinaitwa amini, havina rangi, na baadhi yavyo ni sumu kuliko rangi yenyewe. Baadhi vinahusishwa na saratani ya kibofu. Maji imekuwa safi kwa macho na mbaya kwa mwili. Wale wachuuzi wa "maji imetakata, ona mwenyewe" wanakuuzia hii hatua ya kwanza tu.

Hizo amini zinahitaji hatua ya pili, na ni kinyume cha ya kwanza: sasa rudisha hewa kwa wingi. Wakiwa na oksijeni, kundi lingine la bakteria linaweza kuzila amini nyingi mpaka ziishe. Kwa hivyo siri iko kwa mpangilio. Bila hewa kwanza, hewa baadaye. Ukigeuza mpangilio umepoteza stima bure.

Kuna vituko vyake pia. Buluu ya jinzi, ile indigo, haiko familia ya azo. Ukiinyima hewa inageuka manjano na kuyeyuka kwa maji, unadhani umeshinda, halafu ikigusa hewa tu inarudi buluu. Enyewe hiyo ndio mbinu yenyewe ya kutia jinzi rangi: kitambaa huzamishwa kikiwa manjano kijani, kikitolewa nje kinageuka buluu mbele ya macho yako. Kwa hivyo mtu mwenye anasafisha maji ya kiwanda cha jinzi akiona imefifia, aipeleke kwa hewa kwanza kabla ya kupiga simu kwa mdosi.

Jambo lingine: bakteria wa hatua ya kwanza hawatoi elektroni kama hawajala. Rangi peke yake haishibishi. Unahitaji kuwapa chakula rahisi ndio wapate nguvu ya kukata mshiko, na hicho chakula kiwanda kinacho tayari. Ni ule uji wa wanga. Viwanda vingine huosha wanga siku moja, vinatia rangi siku nyingine, na maji inafika kwa mtambo kwa zamu, leo karamu, kesho njaa. Kujenga tangi kubwa la kuchanganya maji ya siku mbili tatu kabla ya kuipeleka kwa bakteria ni kazi haina sifa, hakuna waziri atakuja kuikatia utepe, lakini ndio huokoa mtambo.

Na maji ya nguo huwa haina nitrojeni na fosforasi ya kutosha ya kujenga miili ya bakteria. Nani anazo mob? Choo. Ukichanganya majitaka ya kiwanda na ya mtaa kwa kipimo kizuri, kila mmoja anamsaidia mwenzake. Hizo nitrojeni na fosforasi ndizo zile zile zenye, zikifika ziwani bila kuliwa, zinalisha gugumaji yetu.

Kwa nini mtu wa Kisumu ajali

Unaweza sema, lakini KICOMI si ilikufa? Ilikufa. Kisumu Cotton Mills ilikuwa moja ya waajiri wakubwa wa huu mji tangu miaka ya 60, na ilikuwa na timu ya mpira yenye wazee bado wanaitaja wakianza kulinganisha wachezaji wa zamani na hawa wa siku hizi. Miaka ya 90 soko likafunguliwa, mitumba ikamwagika, mashine zikanyamaza. Kila baada ya muda utaskia mwanasiasa akisema itafufuliwa. Vijana wanataka kazi, mimi pia nataka wapate.

Ukitazama ramani utaona KICOMI haikuwa peke yake. Mwanza kulikuwa na MWATEX, Musoma kulikuwa na MUTEX, Jinja kuna Nytil tangu miaka ya 50. Miji ya ziwa ilipewa viwanda vya nguo ju pamba ililimwa karibu na maji ilikuwa nyingi. Jinja angalau ndio mlango wa Nile, maji inatoka. Sisi tuko ndani ya ghuba.

Ghuba ya Winam ni kama mkono mrefu wenye kiganja chake ni Kisumu. Ziwa kubwa lina kina cha wastani cha mita 40; huku kwetu sehemu nyingi hazifiki 10. Maji yake inabadilishana na ziwa kubwa kupitia mlango mwembamba wa Rusinga, pole pole. Kwa miaka mingi hata njia ndogo ya Mbita ilikuwa imezibwa na barabara ya mawe, mpaka juzi daraja likajengwa maji ipite chini. Chenye kinaingia Winam hakina haraka ya kutoka. Na mtambo wa maji wa Dunga, wenye KIWASCO inatumia kuvuta maji ya kunywa ya mji, unavuta kutoka ghuba hiyo hiyo. Kikombe chako na mtaro wa Kibuye ni majirani.

Na usidhani viwanda vya nguo viko mbali. Rivatex ya Eldoret, yenye Chuo Kikuu cha Moi kiliinunua mwaka 2007 na ikazinduliwa upya na mashine mpya 2019, iko kwenye bonde la mto Sosiani. Sosiani inaingia Kipkaren, Kipkaren inaingia Nzoia, na Nzoia inaingia ziwani huko Budalang'i. Sisemi mtu anamwaga kitu kibaya. Nasema kwamba kitambaa kikitiwa rangi Eldoret, mwenye kupima kama kazi ya bakteria ilifanywa vizuri ni mvuvi wa Busia.

Sisi wenyewe tuna nini? Tuna Kisat, mtambo wa tangu mkoloni, 1958, wenye majitaka inanyunyizwa juu ya mawe yaliyofunikwa utelezi wa bakteria. Na tuna mabwawa ya Nyalenda. Vyote vilijengwa kwa ajili ya choo. Mabwawa ya aina ya Nyalenda ni teknolojia nampenda sana ju haihitaji stima: mwani unavuta jua, unatoa oksijeni, bakteria wanaitumia. Sasa mwaga rangi nyeusi hapo. Jua halipiti. Mwani unalala, oksijeni inakosekana, bwawa zima linaanza kunuka. Rangi inakataa kuliwa, halafu pia inawazuia wengine kula.

Uzio wa bakteria

Kuna shida moja sijaisema. Wale bakteria wenye wanajua kukula amini ni wachache na wanazaana pole pole sana. Kwa mtambo wa kawaida, tope linatulia chini na maji inatoka juu, na kila siku wachache wao wanatoroka na maji. Wanaozaana haraka hawaskii. Hawa wataalamu wanaisha. Umefukuza fundi ukabaki na watu wa kubeba mchanga.

Suluhisho lenye lilikuja ni kuweka uzio. Unazamisha kwa tangi karatasi za plastiki zenye vitundu vidogo sana, zinaitwa membreni, na unavuta maji kupitia hapo. Bakteria ana urefu wa kama maikromita moja, yaani sehemu ya elfu moja ya milimita. Vitundu ni kama maikromita 0.04. Maji inapita, bakteria anabaki. Hakuna wa kutoroka, kwa hivyo unaweza kuwafuga wengi mara mbili tatu kwa tangi lile lile, na wale wa pole pole wanapata muda wa kuzeeka na kuzaa.

Tuelewane hapa, ju watu wa mauzo huchanganya watu: hiyo membreni haichuji rangi. Molekuli ya rangi ni ndogo mno, inapita kama mbu kwa dirisha. Membreni inalinda wenye wanakula rangi. Ile rangi yenye haikuliwa na haikunata kwa tope itatoka tu.

Adui wa membreni ni utelezi. Bakteria wanapenda kujenga nyumba juu ya kila kitu, na baada ya wiki kadhaa vitundu vimeziba, pampu inalia, unalipa stima zaidi kwa maji kidogo. Mwaka 2010 watafiti wa Ulaya, wakiongozwa na chuo cha sayansi tumizi cha Karlsruhe kule Ujerumani, walianza mradi unaitwa BioNexGen kutafuta membreni yenye haizibi haraka. Wenzao wa Italia walikuja na wazo tamu. Walichanganya mafuta na maji mpaka vikasokotana kama mabomba mawili yanayopitana kila mahali bila kukutana, halafu wakaugandisha huo mchanganyiko juu ya membreni ya kawaida. Ikatoka ngozi laini yenye inapenda maji, na bakteria wakakosa pa kushika. Waliijaribu na nini? Maji ya kiwanda cha nguo waliyoitengeneza wenyewe kwa maabara, yenye rangi nyekundu ya azo na buluu ya aina nyingine. Hiyo ngozi mpya ikaziba kidogo kuliko ile ya kawaida.

Halafu stori ikaja Kisumu. Mwaka 2016 timu hiyo ya Karlsruhe pamoja na washirika wa huku kwetu walianza mradi unaitwa VicInAqua, kwa pesa za Muungano wa Ulaya. Uliendelea mpaka 2019. Walileta hiyo mbinu ya membreni Nyalenda, kando ya mabwawa, wakaiendesha na nguvu ya jua, na maji iliyosafishwa ikatumika kufuga vifaranga vya samaki. Nisikudanganye: hapo haikusafisha rangi. Ilisafisha majitaka ya kawaida. Lakini ukifuata ukoo wake, ilizaliwa kwa maji ya rangi kule Ulaya na ikalelewa kwa majitaka ya Nyalenda. Kama siku moja kiwanda cha nguo kitarudi hapa, mtu asiseme hii teknolojia ni ya wazungu na haiwezi hili joto letu. Bakteria hupenda joto. Kazi yenye inachukua muda mrefu Ujerumani kwa baridi, huku inaenda mbio zaidi.

Kenye kinaweza kutuangusha ni stima. Tangi la hewa linahitaji kupulizwa saa zote. Stima ikipotea masaa sita vile tunajua inapotea, wale wa hatua ya pili hawawezi kufanya kazi yao. Ndio maana sola haikuwa urembo pale Nyalenda. Na kuna kitu kimoja hakuna bakteria ataweza: chumvi. Inaingia chumvi, inatoka chumvi. Zile kanuni za 2006 zilitaka vitu vilivyoyeyuka kwa maji yenye inamwagwa nje visizidi miligramu 1,200 kwa lita, na tumeona maji ya kutia rangi inaanza na chumvi gramu 50, yaani miligramu 50,000. Hata ukiichanganya na maji yote ya kusuuza, hesabu ni ngumu. Hiyo ya chumvi inatatuliwa kabla, kwa kuchagua rangi zenye zinashika na chumvi kidogo, ama inatatuliwa na mashine ghali baadaye. Mtu akikuambia mtambo wake wa bakteria unamaliza kila kitu, muulize chumvi inaenda wapi, halafu mwangalie macho.

Kwa hivyo siku utaskia mkutano wa hadhara pale mjini ukitangaza kiwanda kipya cha nguo, na ripoti ya mazingira iwekwe wazi watu watoe maoni, kwa sheria una haki ya kuisoma na kuandikia NEMA. Huhitaji kuwa injinia. Tafuta kama kuna tangi la kuchanganya. Tafuta hatua isiyo na hewa kabla ya yenye hewa. Angalia kama wamepima rangi yenyewe, ju kanuni za 2006 ziliweka kikomo cha rangi pia, Hazen 15, na ni rahisi mtu kuonyesha namba za oksijeni na kunyamazia hiyo. Angalia stima ya dharura. Uliza chumvi.

Nilirudi kwa fundi wangu wa Kibuye wiki iliyofuata kuchukua koti, nikamweleza hizi zote, mteja mwingine akasikiliza. Nikamwambia asimwage moto, asimwage kwa mtaro wa mvua ju huo hauendi kwa mtambo wowote. Atumie maji ile ile ya rangi kwa nguo tatu nne badala ya moja, anze na nyeusi mpya amalizie na zile zenye zinataka kuguswa tu. Na mafundi wa hapo wakichanga, wangeweza kuwa na mapipa mawili: la kwanza limefungwa, lina tope la bwawa na maji ya ugali iliyobaki, ikae humo siku kadhaa, la pili wazi, lina kokoto na hewa, halafu waongee na KIWASCO mabaki yaende kwa bomba la majitaka.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akakung'uta koti, akalikunja vizuri, akaniuliza, "Na hayo mapipa, omera, nani ananunua? Kaunti, ama ni sisi?"

Sikuwa na jibu. Yule mteja mwingine naye akasema yeye anaweza kutoa pipa moja, lakini lazima kwanza jinzi yake imalizwe.